Chumba Ambacho Sikuingia

Namur, 14 Januari 2001

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi za mwaka mpya. Mimi ni mzima, ni baridi tu inayonionea. Wewe je, mgongo unaendeleaje? Na wifi yangu Concilie? Na mjomba Libérat na nyuki wake? Wasalimie wote, pamoja na majirani wa upande wa kisima, hata yule jogoo wako mwenye hasira, kama hamkumla Noeli.

Barua hii naipitisha kwa masista wa Bujumbura. Barabara ikitulia wataifikisha, isipotulia itakaa kwao, kwa hiyo usihesabu siku.

Nikupe habari ya kukuchekesha. Unajua kazi yangu ni kuwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba yao. Wiki iliyopita mkubwa wetu alitupakia kwenye basi, sisi watatu na wazee kumi na mmoja, akatupeleka kwenye nyumba ya makumbusho ya tamaduni za dunia. Mimi nilimsukuma Bibi Simone kwenye kiti chake cha magurudumu. Ana miaka tisini na moja na kila asubuhi ananiuliza kama nimeolewa.

Mama, ile nyumba ni kubwa kuliko kanisa letu la parokia mara tatu. Ndani wameweka vitu vya watu wa kila mahali. Niliona mtumbwi wa ngozi, mwembamba, mtu mmoja anauvaa kama suruali. Niliona koti la mvua lililoshonwa kwa matumbo ya mnyama wa baharini, jepesi kama karatasi ya daftari. Watu wale wanaishi kwenye barafu, na koti hilo halipitishi hata tone moja.

Kwenye ukumbi wa tatu nikasimama. Ungo! Ungo wetu wa kupepetea, Mama, ndani ya kioo, na taa yake peke yake, utadhani ni mtoto wa mfalme. Kibao kimeandikwa: Ungo. Bonde la Ruzizi, karibu mwaka 1930. Aliyeutengeneza hajulikani. Bibi Simone akauliza ni kitu gani. Nikainua mikono nikampepetea hewani, hivi na hivi, mpaka mlinzi akaja mbio akidhani nataka kugusa kioo. Nikacheka. Kisha nikalia kidogo, sikufichi, maana nilikumbuka nyumbani.

Kulikuwa na chumba kimoja cha mwisho, kinachoonyesha jinsi watu wa dunia wanavyowaaga wafu wao. Wenzangu waliingia. Mimi nilisema Bibi Simone anataka kwenda chooni. Hakuwa anataka.

Nikumbuke katika rozari yako.

Binti yako,
Dorine


Luberizi, 2 Machi 2001

Binti yangu Dorine,

Nakusalimu katika Kristo. Sisi tuko, hatujambo. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau. Concilie ni mzima, anakusalimu. Mjomba wako Libérat ameumwa na nyuki wake mwenyewe kwenye kope, tumecheka siku mbili. Jogoo yupo. Askari walimtaka, akawashinda mbio. Vita bado iko, lakini wiki hii imelala, tumefika shambani bila kusikia kitu.

Hajulikani! Huyo aliyeandika hakuuliza, ndiyo maana hajui. Hapa kwetu ungo hauna jina lakini una mkono. Kila aliyefundwa kusuka ana namna yake ya kufunga ukingo, na bibi zetu walikuwa wakiona ungo sokoni wanasema huu ni wa fulani, binti wa fulani. Nenda tena unichoree ukingo wake vizuri, nitakwambia ni wa upande gani. Na uwaulize, lile koti la matumbo wanalifua vipi?

Sasa nije kwenye lililo moyoni. Juzi nilitoa barua zako zote sandukuni nikazisoma. Za mwanzo zote zilimalizika hivi: Na kaka yangu Gratien akirudi, msalimieni. Tangu katikati ya mwaka 1999 hakuna hata moja yenye maneno hayo. Unamsalimia kila mtu, hadi jogoo, kaka yako humtaji. Unajua vizuri, hapa kwetu hakuna anayemtumia marehemu salamu. Nimejiambia labda ni kazi nyingi.

Nakuuliza kwa ajili ya Concilie. Gratien alikimbia vita Oktoba 1998, yeye na rafiki yake Habonimana, miezi mitatu baada ya harusi. Tangu siku ile mke wake amelala chumba kimoja na mimi, hajaniudhi hata siku moja. Sasa ana miaka ishirini na mitano. Kuna mwalimu wa Kamanyola, Frédéric, aliyefiwa na mke wake. Ni mtu wa adabu, anamtaka kwa heshima. Lakini Padri anasema hawezi kumfungisha ndoa mwanamke mwenye mume, mpaka apatikane shahidi wa kuaminika kwamba mume hayupo duniani. Frédéric amesema atangoja hadi mavuno.

Concilie amesema atafanya nitakavyosema mimi. Mimi nimesema nitafanya utakavyosema wewe, maana wewe uko mahali ambako barua za watu wa makambini zinafika. Ukiwa na neno, lilete.

Mama yako,
Agathe


Namur, 20 Aprili 2001

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yote. Mimi sijambo. Mpe mjomba pole ya kope, lakini mwambie nami nimecheka.

Nilirudi makumbusho siku yangu ya kupumzika, peke yangu, na daftari. Ukingo nimeuchora upande wa pili wa karatasi hii. Kamba inapita juu mara moja, inaingia chini ya ufito wa pili, halafu inarudi nyuma. Mlinzi ni yuleyule. Safari hii aliniletea kiti. Kuhusu koti, nimeuliza: halifuliwi, linapanguswa na kuwekwa mahali penye unyevu ili lisivunjike.

Lile jambo jingine, Mama, ni kweli kazi ni nyingi, ninaandika nikiwa nimechoka ndiyo maana nasahau. Sina neno jipya.

Msalimieni Concilie. Na kaka yangu Gratien akirudi, msalimieni.

Binti yako,
Dorine


Luberizi, 3 Juni 2001

Binti yangu,

Amani iwe nawe. Tumeamka vizuri wote. Barua yako imekaa Bujumbura wiki tatu, lakini imefika bila kufunguliwa, tumshukuru Mungu.

Mstari wa mwisho niliusoma mara tatu. Kisha nikamsomea Concilie, kisha mjomba wako. Sikujua jinsi nilivyokuwa nimebeba mzigo hadi ulipotuliwa. Usiku ule nililala hadi jua likanikuta kitandani, jambo ambalo halijatokea tangu vita ya kwanza.

Ungo wako ni wa Mutarule. Nilijua. Wale ndio wanaorudisha kamba nyuma, sisi wa Luberizi tunaizungusha mara mbili. Yaani hata Ulaya Mutarule wametutangulia! Nimemwonyesha mzee Nduwimana, aliyeoa huko, akasema mkono huo ni wa ukoo wa mama mkwe wake. Kwa hiyo waambie watu wa kibao kwamba anajulikana.

Frédéric alikuja kwa baiskeli siku ya Jumapili. Nilimpa kinywaji, nikamweleza kwamba dada wa mume bado anamsalimia kaka yake, kwa hiyo mlango haujafungwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda.

Baada ya hapo tulishika kazi. Nyumba ya Gratien tumeipiga udongo upya, na majani ya paa tumebadilisha upande wa mvua. Shamba lake la mpunga lililokuwa pori sasa limelimwa lote. Concilie ndiye aliyelima sehemu kubwa, mwenyewe na jembe lake, bila kuimba wala kusema. Nimedhani ni furaha, wengine furaha inawafunga mdomo.

Akija atakuta kila kitu tayari.

Mama yako,
Agathe


Namur, 11 Agosti 2001

Mama,

Barua hii nimeituma kwa mjomba Libérat, ndani ya barua yake. Nimemwomba aje kwako, aketi, aombe maji, anywe, ndipo akukabidhi. Kama ameketi mbele yako na kikombe ni kitupu, endelea kusoma. Kama hayupo, kunja karatasi hii umngoje.

Leo sikuulizi habari za mgongo. Unisamehe.

Gratien amefariki, Mama. Alikufa ziwani tarehe 27 Oktoba 1998. Yeye na Habonimana walifika Baraka kwa miguu, wakapata nafasi kwenye boti ya motere iliyokuwa inawavusha watu kwenda Kigoma. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Walipomaliza kuzunguka rasi ya Ubwari upepo ukawakuta ikapinduka, mchana, jua likiwaka. Habonimana na Gratien walishika bidoni moja tupu ya plastiki. Walishika muda mrefu, wakizungumza. Walizungumza habari za Luberizi. Kisha Gratien akanyamaza, na Habonimana alipogeuka akaona mikono yake imeachilia. Haya yote ameyaandika mwenyewe kutoka kambini Kigoma, na barua yake iko hapa ndani, kwa ajili yako na kwa ajili ya Padri.

Aliniandikia Juni 1999. Nimekaa nayo miaka miwili.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba habari ya kifo haitumwi kwa karatasi. Mtu anakuja kwa miguu yake, anaketi, anapewa maji, anawaambia watu wakiwa wamekaa. Kibibi, mama yako, alipofariki ulitembea hadi Kamanyola na homa mwilini, kwa sababu hukutaka dada yako asome kwenye karatasi. Nilijiambia nitakuja mwenyewe. Niliomba ruhusa, wakasema njia haifai. Nikangoja vita iishe, haikuisha. Kumsalimia sikuweza, mkono ulikataa. Ndipo ukaniuliza, nikaogopa, nikaandika ule mstari wa Aprili. Huo mstari ni uongo. Niliuandika nikijua ni uongo. Uliponiambia mmepiga udongo nyumba yake nilikwenda kujifungia bafuni kazini.

Jumamosi nilirudi makumbusho nikaingia kile chumba. Nilitaka kujua watu wengine wanafanyaje, kwa sababu sisi hatuna mwili wa kuzika, na bila kuzika hatujui pa kuanzia kilio wala pa kukimalizia. Nilizunguka nikisoma vibao vyote. Karibu na mlango kuna kisanduku kidogo, ndani yake msalaba wa nta, mfupi kama kidole changu, umelala kwenye kitambaa cheupe. Ni wa kisiwa kimoja cha wavuvi huko Ufaransa, Wakatoliki kama sisi. Mtu akipotea baharini na mwili usionekane, jamaa anatumwa kuwaambia wa nyumbani. Kisha wanatengeneza msalaba huo, wanauweka mezani nyumbani kwake, watu wanakuja wanakesha na kusali kana kwamba ni yeye amelala pale. Kesho yake wanaupeleka kanisani kwa maandamano, kuhani anausomea misa ya maziko, unawekwa mahali pamoja na misalaba ya wengine. Basi, amezikwa.

Nilisimama pale hadi wakafunga. Sikuambii ufanye hivyo. Nakuambia nilichokiona, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilicho nacho cha kukuletea mkononi.

Mwambie Concilie ukweli wote. Mwambie kosa ni langu.

Dorine


Namur, 4 Novemba 2001

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko mzima. Masista wamenithibitishia kwamba barua ya Agosti ilivuka, na kwamba mjomba Libérat aliichukua kwa mkono wake. Tangu hapo sijasikia kitu.

Kama umekasirika una haki. Kama unaumwa, mwombe mtu aniandikie hata neno moja. Redio inasema mambo ya Bonde la Ruzizi, sijui niamini lipi.

Niko hapa.

Dorine


Luberizi, 16 Desemba 2001

Binti yangu Dorine,

Nakusalimu. Niko hai, mgongo uko palepale. Usikilize redio kidogo.

Nilikukasirikia. Nakuambia wazi usije ukadhani ni masista waliochelewesha. Mara mbili nilichukua kalamu, na mara mbili nikaiweka, kwa sababu maneno yaliyokuwa yanakuja si ya mama kumwandikia mtoto aliye peke yake mbali. Nikasema acha yapite kwanza. Sasa yamepita. Nimekusamehe, na usinirudishe tena huko.

Mjomba wako alifika tarehe 9 Septemba, Jumapili. Nilimwekea kiti, akaomba maji. Libérat, ambaye miaka yote hii akifika kwangu anaulizia pombe kabla hajavua kofia! Nikajua pale pale. Nilimtazama akinywa kikombe hadi chini, na nilitamani kisiishe.

Concilie nilimsomea mimi, sikumpa mtu mwingine asome. Hakupiga kelele. Alinishika mkono akasema: "Mama, minye nilijua tangu zamani. Nilikuwa nangojea weye ujue." Kumbe miezi yote ile amelima shamba la mume aliyejua hayupo, kwa sababu mimi nilikuwa nafurahi. Hapo ndipo nililia, Dorine. Kabla ya hapo sikuwa nimelia.

Barua ya Habonimana Padri ameipokea. Lakini Frédéric hakungoja, na mimi ndiye niliyemwambia asingoje. Mwezi wa nane ameoa Kamanyola. Concilie anasema hamlilii. Sijui kama anasema kweli, na wewe utakuwa na deni hilo moyoni pamoja nami, hatutalipunguza kwa maneno. Wazazi wake walikuja kumchukua. Amewaambia atakaa hapa hadi siku tutakapoganduka, tuondoe kilio, ndipo aende huru kama mtu aliyemzika mumewe.

Sasa kuhusu ule msalaba. Mwanzo nilisema hayo ni mambo ya makumbusho. Lakini niliamka nayo, nikalala nayo. Nikamwendea Padri. Akakuna kichwa, akasoma ukurasa wako, akasema: "Mama Agathe, msalaba ni msalaba." Libérat akateremsha nta ya mizinga yake, safi, ya njano. Niliukanda mwenyewe kwa maji ya moto. Nilitaka uwe mrefu kama kidole chako, ila sikumbuki tena vidole vyako vina urefu gani, nikatumia cha Concilie. Jina la kaka yako nilichora kwa sindano.

Tuliuweka mezani Jumamosi tarehe 1 Desemba, kwenye nyumba yake tuliyopiga udongo. Kumbe ile kazi haikuwa bure. Nilidhani watakuja watu wa ukoo na majirani wawili watatu. Dorine, uwanja ulijaa. Walikuja kwa ajili ya Gratien, ndiyo, waliketi, walisali rozari. Lakini walikuwa hawaondoki. Baadaye mke wa Nduwimana akanisogelea akanong'ona kama nta imebaki. Mwanawe wa kwanza alichukuliwa barabarani mwaka 1996. Nikamkatia. Mwingine akaja, kwa ajili ya mume. Mwingine ana watatu. Libérat akawasha moto tena, tukaweka sufuria, wanawake wakaketi wakikanda kila mtu wake, na majina tukayachora. Hadi alfajiri mezani palikuwa na misalaba kumi na minne.

Tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani nilipomwona mama mmoja amesimama nje ya uzio. Ni Nyirahabimana, wa milima ya juu, yule aliyekuwa akituletea maziwa kabla vita haijatugawa sisi wa bonde na wao wa milima. Ametembea tangu saa tisa za usiku, yeye na fimbo yake. Unajua siku hizi mtu wa kule kuteremka huku ni jambo gani. Watu uwanjani wakageuka. Wawili waliinuka wakaondoka, sikuwaita.

Akanisalimu, nikamwitikia. Akasema: "Siye ba-protestanti hatufanyake hivi. Lakini minye pia niko na mutoto hajarudi." Alisema hivyo tu, akatazama chini.

Sikumwuliza mtoto wake alikuwa upande gani. Ulimi ulitaka kuuliza, nakuambia ukweli, nikauuma. Nilimwuliza jina. Akasema Rugema. Nikamkatia nta, nikamsogezea kigoda, akaukanda polepole, mikono yake inajua kazi. Jina nilimchorea mimi, kwa sababu macho yake hayaoni karibu.

Padri alisoma misa kwa majina kumi na matano. Misalaba iko sasa kwenye kisanduku chini ya altare.

Nenda tena kwenye ile nyumba unisomee kibao vizuri. Hukuniambia kisanduku kikijaa wanafanya nini. Tangu juma lile wamekuja watu wengine tisa, wawili wametoka Mutarule, na Libérat amepanda mlimani kutafuta nta.

Mama yako,
Agathe